Filamu Tatu Kinywani mwa Mtu Mmoja

Barua nyingi zifikazo kwenye safu hii huwa ni za mambo ya nyumbani tuliyoyazoea: mtoto anayekataa uji, mpangaji asiyezima redio usiku, mkwe aliyekuja kukaa siku mbili akamaliza miezi miwili. Juma hili, wasomaji wapendwa, nimepata barua ya namna nyingine. Imetoka kwa binti wa kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi na kufanya kazi nchini Kanada. Anaeleza kwamba wafanyakazi wenzake walimchukua jioni moja kwenda kutazama mchezo wa kuchekesha, na walipoketi akaona kwamba jukwaani hapakuwa na kitu chochote. Hapakuwa na mandhari iliyochorwa, wala meza, wala kiti. Akatokea mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli nyeusi kama fundi wa gereji, na kwa muda wa kama saa moja akaziigiza filamu tatu nzima, yeye akiwa shujaa, adui, binti wa mfalme, roboti, mnyama, bunduki, vyombo vya angani na bendi ya muziki.

"Watu wazima, Shangazi," ananiandikia, "wenye mvi na wenye vyeo vyao, walicheka hadi wakafuta machozi. Mimi sikuwa nimeziona filamu zenyewe. Nilicheka pamoja nao lakini sijui nilichocheka. Je, walikuwa wakiidhihaki filamu waliyoipenda utotoni, au walikuwa wakijicheka wenyewe? Na kama waliipenda, mbona walilipa kiingilio ili ichezewe namna ile?"

Swali hili nimelibeba siku kadhaa, nikichambua mchele na nikingoja basi, na nimeona kwamba halistahili kujibiwa kwa mistari miwili.

Mchezo aliouona bila shaka ni ule wa mwigizaji wa Kanada aitwaye Charles Ross, ujulikanao kwa jina la One-Man Star Wars Trilogy, yaani zile filamu tatu za Star Wars zikichezwa na mtu mmoja. Aliuanza mwaka 2001 mjini Toronto, mwelekezi wake akiwa rafiki yake T.J. Dawe, ambaye naye ni bingwa wa michezo ya mtu mmoja. Ulipata umaarufu katika yale matamasha ya michezo yaitwayo Fringe, ambayo asili yake ni mji wa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1947, pale vikundi 8 vya waigizaji ambavyo havikualikwa kwenye tamasha kubwa la mji vilipokuja hata hivyo na kucheza pembeni. Kanada waliipokea desturi hiyo mwaka 1982 mjini Edmonton. Katika matamasha ya namna hiyo mwigizaji hujitegemea kwa nauli na malazi, kwa hiyo mchezo unaoweza kubebwa katika mfuko mmoja wa nguo una maisha marefu kuliko ule wenye kuhitaji lori. Ovaroli nyeusi, basi, si ufukara wa mawazo. Ni hesabu ya mtu anayejua bei ya tikiti ya basi.

Kwa wale ambao hawakuziona filamu hizo, nitasema machache. Ya kwanza ilitolewa nchini Marekani tarehe 25 Mei 1977, ikiwa imeandikwa na kuongozwa na George Lucas; ya pili ilifuata mwaka 1980 na ya tatu mwaka 1983. Ukiyavua yale makombora na vyombo vya angani, kilichobaki ni ngano ambayo bibi yeyote angeitambua: kijana aliyelelewa na mjomba na mkewe katika nchi ya jangwa, mzee mwenye hekima anayemfundisha, binti wa mfalme aliyetekwa, na adui mwenye kinyago cheusi ambaye pumzi yake husikika kabla hajaonekana. Katika filamu ya pili kijana hugundua kwamba adui huyo ndiye baba yake mzazi. Watoto wa Marekani na Ulaya waliokuwa na umri wa miaka saba au minane wakati huo walitoka sinemani wakiwa na jambo zito la kulala nalo, na wengi wao hawajaamka hadi leo.

Kisha likaja jambo lililobadili kila kitu, nalo ni kaseti ya video. Kabla ya hapo filamu ilikuwa kama mgeni. Ilikuja mjini, ikakaa majuma kadhaa, ikaondoka, na aliyeikosa aliikosa. Kaseti iliifanya filamu kuwa kama sufuria ya nyumbani, kitu cha kila siku. Charles Ross alikuwa mtoto wa mkoa wa British Columbia, magharibi mwa Kanada, na mwenyewe alipata kusema kwamba filamu ile ya kwanza aliitazama zaidi ya mara 400. Hebu msomaji apige hesabu. Filamu ile ina urefu wa dakika 121. Mara 400 ni zaidi ya saa 800, yaani mtoto ameketi mbele ya televisheni usiku na mchana bila kula wala kulala kwa muda wa siku 33. Mama gani asingepaaza sauti? Nadhani katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu, iliulizwa mara nyingi mtoto huyu atapata faida gani.

Faida yenyewe ni kwamba aliijua filamu kama mtoto wa chuoni anavyojua aya zake. Hakuyajua maneno peke yake. Alizijua pumzi, vituo, mahali muziki unapoinuka, mlio wa mlango unapofunguka. Urefu wa filamu zote tatu ni zaidi ya saa sita. Ili kuziingiza katika saa moja ilimbidi atupe sehemu tano kati ya sita, na hapa ndipo ufundi wake ulipo, kwa kuwa kinachochekesha hutokana na kile anachokibakiza. Anabakiza kile ambacho kila mtoto wa zama zile alikibakiza. Mikono miwili iliyokunjwa masikioni, na ukumbi mzima umekwisha kumwona binti wa mfalme na misuko yake miwili ya mviringo. Pumzi moja nzito, na adui amekwisha kuingia.

Lakini filamu iliyokamuliwa namna hiyo huonyesha mifupa yake. Kijana shujaa, kwa mfano, katika filamu ya kwanza hunung'unika mno. Hunung'unikia kazi za shambani, humnung'unikia mjomba, hunung'unikia mambo ambayo angeweza kuyanyamazia. Mtoto wa miaka minane hasikii manung'uniko hayo, kwa sababu yeye mwenyewe hunung'unika vivyo hivyo na huona ni sauti ya kawaida ya binadamu. Mtu wa miaka arubaini, ambaye sasa ana kijana wake nyumbani, huyasikia barabara. Ross anapoyatoa manung'uniko yale kwa sauti iliyozidishwa kidogo tu, ndani ya kiti kimoja huwa wameketi watu wawili, yule mtoto aliyeamini na yule mzazi anayejua, nao huchekana. Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa binti yetu: walikuwa wakicheka umbali uliopo kati ya wao wa wakati ule na wao wa leo.

Zipo dhihaka za namna nyingine. Mwaka 1987 mwongozaji wa Marekani Mel Brooks alitoa filamu iitwayo Spaceballs, ambayo nayo iliidhihaki Star Wars, na humo yule adui mwenye kinyago alipewa kofia kubwa kupita kiasi ikawa karibu immeze. Nacho ni kichekesho, sikatai. Lakini mchekeshaji wa namna hiyo husimama nje ya kitu, akakinyooshea kidole. Ross amesimama ndani. Hawezi kumkosea adui heshima bila kwanza kuwa adui mwenyewe, na kumtoa kifuani mwake kwa sauti iliyo karibu na ile ya asili kiasi kwamba nywele za mtu husimama kabla hajacheka.

Na sauti zenyewe zina historia ambayo inafaa kuelezwa, kwani inaonyesha kwamba Ross hakuvumbua ufundi huu, ameurudisha ulikotoka. Fundi wa sauti wa filamu zile aliitwa Ben Burtt. Alipotakiwa kutengeneza sauti ya upanga wa nuru, alichukua mngurumo wa mota ya projekta ya sinema akauchanganya na mvumo wa televisheni. Pumzi ya adui aliitoa katika kifaa cha kuvutia hewa cha wapiga mbizi. Mnyama mrefu mwenye manyoya alisemeshwa hasa kwa sauti za dubu. Na yule roboti mdogo wa mviringo asiyejua lugha yoyote, ambaye huongea kwa miluzi na vilio, sehemu kubwa ya sauti yake ni kinywa cha Burtt mwenyewe kikiigiza mtoto mchanga, kikachanganywa na mitambo. Kwa maneno mengine, chini ya mashine zote zile kulikuwa na mtu mzima akibwabwaja kama mtoto. Adui naye aliungwa kutoka kwa watu wawili, kwani mwili ulikuwa wa Mwingereza David Prowse na sauti ikawa ya Mmarekani James Earl Jones, aliyefariki mwaka 2024. Watoto wa siku hizi wanamjua Jones bila kumjua: ndiye sauti ya mfalme Mufasa katika The Lion King ya mwaka 1994.

Jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi wa upande huu wa dunia. Katika filamu ya tatu, ile ya mwaka 1983, yupo rubani mwenye mashavu makubwa yaliyoning'inia na macho meusi, ambaye huzungumza lugha ambayo Wamarekani waliidhania kuwa imetungwa. Aliyempa sauti ni mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa akiishi Marekani, Kipsang Rotich, na maneno mengi aliyoyasema yalikuwa ya Kikuyu, pamoja na ya Kikalenjin. Mtu wa Nyeri aliyeingia sinemani alihitaji nini tena cha kutafsiriwa? Alimsikia kiumbe wa sayari ya mbali akizungumza kama jirani yake. Rotich aliitwa tena kumpa rubani huyo sauti katika filamu ya mwaka 2015. Nimesikia watu wakilalamika kwamba lugha zetu zilifanywa kuwa za viumbe wa ajabu. Lalamiko hilo lina haki yake, ila mimi hujiuliza kama sauti yoyote nyingine katika filamu zile ilileta kicheko cha furaha kama kile cha Mkikuyu aliyejisikia angani bila kutarajia.

Sasa niseme juu ya ruhusa, maana binti yetu ameuliza pia, mwishoni mwa barua, kama mtu yule hakuiba. Sheria za hakimiliki hazifanani kila mahali. Huko Marekani Mahakama Kuu iliamua mwaka 1994 kwamba dhihaka, hata ikiwa ya kibiashara, yaweza kuhesabiwa kuwa matumizi ya haki ya kazi ya mwingine. Kanada, ambako Ross alianzia, sheria haikuitaja dhihaka kwa jina hadi mwaka 2012. Kwa hiyo mwaka 2001 kijana yule alipanda jukwaani na kumbukumbu yake, na haikuwa wazi kama kumbukumbu hiyo ni mali yake. Kampuni yenye filamu, Lucasfilm, ingeweza kumnyamazisha kwa barua moja ya wakili. Haikufanya hivyo. Ilimpa ruhusa, na mwaka 2005 akaalikwa kuigiza mbele ya umati wa mashabiki katika mkutano rasmi wa Star Wars mjini Indianapolis. Mchezo wake mwingine, aliouunda kwa namna hiyo hiyo kutokana na filamu za The Lord of the Rings, ulikumbana na vikwazo vya haki, ikambidi kungoja hadi alipopata kibali. Mtu huyo huyo, ovaroli ile ile, upendo ule ule. Tofauti ilikuwa nani anashika karatasi.

Kuna kinyume kimoja hapa ambacho hunifikirisha. Mwaka 1997 George Lucas mwenyewe alizitoa tena filamu zake zikiwa zimebadilishwa. Aliongeza viumbe, akaingiza mazungumzo ambayo hayakuwamo, akageuza hata tukio moja mashuhuri la nani alipiga risasi kwanza katika baa. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuiona filamu kama ilivyokuwa mwaka 1977 alipata taabu kuipata. Mwenye mali alikuwa ameibadilisha mali yake, na ni haki yake. Lakini mtoto aliyeitazama kaseti mara 400 hakubadilishwa. Kichwani mwake filamu ilibaki na makosa yake yote ya zamani. Kwa hiyo mdhihaki yule, anayeruka jukwaani akilia kama bunduki, kwa namna fulani alikuwa mtunzaji mwaminifu kuliko mtunzi.

Nimefika mahali ambapo lazima nizungumze juu ya kaka yangu, naye atanisamehe.

Tulikulia Buyenzi, hapa Bujumbura, nyumba yenye watoto sita. Faranga za kiingilio cha sinema hazikuweza kuwatosha sita. Ziliweza kumtosha mmoja, na mmoja huyo alikuwa kaka yetu mkubwa, si kwa ukubwa wake bali kwa sababu alikuwa na kinywa. Alikwenda kwa niaba yetu. Sisi tulibaki ukumbini na watoto wa majirani, mkeka umekwisha kutandikwa, tukingoja. Aliporudi hakuruhusiwa hata kunywa maji. Alisimama kati ya taa na ukuta, kivuli chake kikapanda hadi darini, akaanza tangu jina la kampuni iliyotengeneza filamu na mlio wake. Alikuwa farasi kwa kupiga mapaja, alikuwa treni, alikuwa mvua. Filamu za ngumi alizicheza hadi mama akatoka na mwiko kuuliza ni nani anayepigwa. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa; kila mtaa ulikuwa na mtu wake wa namna hiyo. Baadaye kazi hiyo ilipata hata wenye kuifanya kwa ujira katika vibanda vya video, wakiifasiri filamu papo hapo kwa lugha ya watazamaji. Waganda walipata wasimulizi wao wa Kiganda, Kenya ikampata DJ Afro, na Dar es Salaam ilikuwa na marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye Kiswahili chake kiliwafanya watu waipende hata filamu mbovu.

Filamu kubwa ya kaka ilikuwa Sholay, ile ya Kihindi ya mwaka 1975. Ina urefu wa zaidi ya saa tatu, naye hakutupunja. Jambazi Gabbar Singh alikuwa akituliza watoto wote pale ukumbini kwa kicheko tu. Lakini kipande tulichokipenda kuliko vyote, tulichomwomba akirudie siku nyingine hata bila filamu iliyobaki, ni kile ambapo mama yake Gabbar anapanda milima kwa miguu, amebeba chakula katika kitambaa, akaingia kambini katikati ya majambazi. Wote wanashika bunduki. Naye hawatazami. Anamwambia mwanawe akae ale. Na Gabbar, ambaye sauti yake ilikuwa ikipasua mawe, anakaa. Anakula kimya, ameinamisha kichwa. Kaka alikuwa akiigiza kule kula kwa muda mrefu, bila neno hata moja, na watoto ishirini tulikuwa kimya kama tumemwagiwa maji. Mama yetu mwenyewe alikuwa akija kusimama mlangoni kipande hicho kilipofika.

Niliiona Sholay kwa macho yangu nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Niliwaita wote waje. Niliwaambia wangoje, kuna mama atakuja. Thakur akakatwa mikono, Jai akafa, Gabbar akakamatwa, treni ikaondoka, majina yakapanda, na mama hakuja. Nikaidhania kaseti kuwa ya wizi, imekatwa. Nikatafuta nyingine. Hakuja.

Kaka alipopita nyumbani nilimwuliza. Alifikiri kidogo, kisha akakiri bila haya. Siku ile alikuwa amechoka na kazi za asubuhi, na filamu ni ndefu, alisinzia. Alipozinduka akakuta ametupita sana, naye akajua kwamba nyumbani kuna watu wamekaa juu ya mkeka na faranga zao. Asingeweza kurudi na shimo. Akalijaza akiwa njiani, kati ya jumba la sinema na mlango wetu. Nikamwuliza kwa nini mama, kati ya yote. Akasema kwamba alikuwa na njaa.

Kwa hiyo, binti yangu, swali lako la nini walichokicheka watu wale, mimi nalijibu nikiwa na kaka yangu mbele ya macho. Ross anapocheza mchezo wake mbele ya ukumbi wa watu 300, hawamtazami kama msanii aliyewazidi. Wanamtazama kama yule mtoto wa mtaani kwao ambaye aliruhusiwa kwenda, au kama wao wenyewe walivyokuwa uani, na kijiti mkononi, wakitoa mvumo wa upanga kwa midomo iliyobanwa. Hujui jinsi mtu mzima anavyokuwa amekificha kijiti kile. Anapomwona mwenzake mwenye umri kama wake akikitoa hadharani, tena amelipwa, kicheko humtoka kama pumzi aliyokuwa ameizuia tangu shule ya msingi.

Sitaki kuupamba mchezo kupita ukweli. Una udhaifu, nawe umeuona. Asiyezijua filamu huachwa kando ya barabara, na kila ukumbi una mume au mke aliyeburutwa kwenda, anayecheka kwa adabu. Mbio za mchezo haziruhusu kumngoja mtu. Tena kuna hatari kwamba kicheko cha kutambua ni rahisi mno. Ukitaja tu kitu ambacho watu wanakipenda watapiga makofi, hata kama hukufanya nacho lolote. Nimewaona wachekeshaji wa redio wakiishi juu ya hilo mwaka baada ya mwaka, wakitaja majina ya nyimbo za zamani na kungoja makofi. Kinachomwokoa Ross, kwa maoni yangu, ni jasho. Mtu anayecheza vita vya angani peke yake kwa saa nzima, akiwa pande zote mbili za vita, hawezi kusingiziwa uvivu. Na wewe ambaye hukuzijua filamu ulicheka jasho lile, nadhani. Ulimwona mtu mmoja akikataa kuwa mmoja.

Hukuniuliza juu ya baba yako, nami nashangaa kidogo. Lakini labda hujui. Ulipozaliwa televisheni ilikuwa imekwisha kufika nyumbani, na mtu hasimulii filamu mbele ya televisheni. Nawe unamfahamu kama mzee wa maneno machache, anayeuliza kwenye simu kama kuna baridi huko, kisha akampa mama yako simu. Simlaumu, simu si mahali pake. Hana taa nyuma yake wala ukuta mbele yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao nikiwa na barua yako mkobani. Nilimsomea pale ulipoeleza habari za mtu mwenye ovaroli nyeusi. Alisikiliza ameegemea ukuta, akauliza mtu yule anafanyaje milipuko, kwa koo au kwa midomo. Nikasema sijui. Akasema ukitumia koo huwezi kumaliza saa moja, sauti inakufa. Lazima iwe midomo, na tumbo lisukume. Akaonyesha. Kuku walitawanyika uani, na mjukuu wake wa miaka mitano, yule mtoto wa dada yako, akatoka ndani mbio kuja kuona kilichopasuka.

Aliuliza, "Babu, nini hiyo?"

Kaka alinitazama, kisha akavuta kiti mbele kidogo, mahali ambapo jua la jioni linaangukia ukutani. Alianza na treni.